Wembe Mmoja, Maji Mengi: Elimu ya Kunyoa Ndevu Katika Bonde la Ufa

Ukipanda matatu ya asubuhi kutoka Njoro kuingia Nakuru mjini, na ukaketi kando ya mwanamume aliyenyoa alfajiri hiyo, huenda ukamwona akijikuna chini ya taya kabla gari halijafika Ngata. Shingo yake ina vipele vidogo vyeusi, vingine vimetunga usaha, na kola ya shati inavisugua kila anapogeuza kichwa. Walimu wanavijua vipele hivyo. Mabawabu, makarani wa benki, wahudumu wa hoteli za Naivasha na wanajeshi wa Lanet wanavijua pia, kwa kuwa kazi zao zinataka uso ulionyolewa kila siku. Wengi wameshakata shauri kwamba hivyo ndivyo ngozi yao ilivyo, na kwamba anayetaka kuonekana nadhifu sharti awashwe.

Sikubaliani nao. Vipele vya ndevu huletwa, kwa sehemu kubwa, na namna tunavyonyoa, na namna hiyo yaweza kubadilishwa na yeyote mwenye beseni, sabuni, wembe mmoja na robo saa ya kila siku. Kinachohitajika ni kurudia jambo lilelile, kwa utaratibu uleule, mpaka mkono uujue uso. Jambo hili linanigusa kwa sababu nimeona vijana wenye sura njema wakificha shingo kwa skafu mwezi wa Februari, jua likiwaka, kwa aibu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza.

Tuanze na unywele wenyewe. Ndevu za wengi wetu hutoka kwenye kinyweleo kilichopinda, nazo huota zikijikunja. Wembe ukipita, ncha inayobaki huwa imechongoka. Ncha hiyo ikiota nje hujikunja na kuchoma ngozi milimita chache tu kutoka ilikotokea. Na kama ilikatwa chini ya uso wa ngozi, haipati hata nafasi ya kutoka: hutoboa ukuta wa kinyweleo ikiwa bado ndani. Mwili huuona unywele huo kuwa mvamizi, ukaupiga vita. Hapo ndipo unapopata uvimbe, usaha, doa jeusi lisilotoka upesi, na kwa wengine kovu nene la keloidi. Makadirio yanayotajwa sana katika maandishi ya madaktari wa ngozi ni kwamba tatizo hili huwapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa. Hivyo kijana anayejiona amelaaniwa peke yake yumo katika kundi kubwa mno.

Sasa fikiria vinyoleo vya nyembe mbili, tatu, hata tano vinavyopangwa kaunta za supamaketi zetu. Kile cha kwanza cha nyembe mbili kilichopata soko kubwa kiliingizwa na kampuni ya Gillette mwaka 1971. Ufundi wake ni huu: wembe wa mbele huuvuta unywele juu kidogo ukiukata, na wa nyuma huukata tena kabla haujarudi mahali pake. Unaporudi, huzama chini ya ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka husifu ulaini huo, kwani unywele wake utapanda tena moja kwa moja hadi nje. Kwetu sisi ulaini huo ndio chanzo cha maumivu ya siku ya tatu. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani huwashauri wenye vipele watumie wembe mmoja au nyembe mbili tu, wanyoe kwa kufuata upande ndevu zinakoelekea, wasuuze wembe kila baada ya mpapaso mmoja, na wautupe baada ya kunyoa mara tano hadi saba. Ushauri huo ni rahisi kuusoma. Kuufuata kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, Molo ikiwa imefunikwa na ukungu, ndiko kwenye kazi.

Bonde hili lina historia ndefu ya makali. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, mwanaakiolojia Louis Leakey alifukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mashoka ya mkono ya kale mno, baadhi yake yamechongwa kwa obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo linalotapikwa na volkano. Hyrax Hill, mlangoni mwa Nakuru, mkewe Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Miaka takribani elfu tatu iliyopita, wafugaji ambao wanaakiolojia huwaita Waelmenteita walikuwa wakichukua obsidiani yenye rangi ya kijani kutoka miteremko ya mlima Eburru na kuichonga kuwa visu virefu vyembamba. Obsidiani iliyovunjwa vizuri huwa na ukingo mkali kuliko wembe wa chuma. Watu waliotutangulia hapa walijua kwamba kitu kikali hakihitaji nguvu, bali kinahitaji mkono uliotulia.

Baadaye kikaja chuma. Wahunzi wa Kikuyu walifua wembe ulioitwa rwenji. Wamaasai, ambao nyanda za Naivasha na Nakuru zilikuwa malisho yao hadi mkataba wa 1904 na Waingereza ulipowahamisha, wana hadi leo sherehe ya Eunoto, ambamo moran huketi juu ya ngozi ya ng'ombe na mama yake humnyoa nywele ndefu alizozitunza miaka yote ya umorani. Kichwa hulowanishwa kwa maji yaliyochanganywa na maziwa. UNESCO iliiorodhesha sherehe hiyo mwaka 2018, pamoja na zile za Enkipaata na Olng'esherr, miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Katika unyoaji huo anayenyolewa ameketi, anayenyoa hana haraka, na nywele zimelowa. Ni masharti matatu ambayo mfanyakazi wa leo, anayejikwaruza juu ya sinki huku simu ikilia, ameyaacha yote.

Wembe tunaoujua dukani, ule bapa mwembamba wenye makali pande mbili, ulitoka kwa King Camp Gillette wa Boston. Mwaka 1903, mwaka wake wa kwanza sokoni, aliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka 1904 alipewa hataza, na mauzo yakapanda hadi vishikio zaidi ya elfu tisini. Kutoka hapo wembe bapa ulienea duniani, ukafika hadi duka la mtaani ambako mtu huagiza Nacet moja bila kutaja neno wembe. Ulikata kucha, ukachonga penseli, ukafumua mshono. Ukanyoa pia, mara nyingi ukishikwa kwa vidole vitupu.

Halafu ukaja ukimwi. Kisa cha kwanza Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Kampeni zilitukanya kugawana nyembe, na zilikuwa na haki. Vinyozi wakashika mashine za umeme na chupa ya spiriti. Maisha yaliokolewa. Lakini elimu ya wembe ilihama kutoka kwa fundi ikaenda bafuni, kwa mtu aliye peke yake, na katika kuhama huko sehemu kubwa ilimwagika njiani. Kijana wa leo hupata wembe kabla hajapata mafunzo.

Na mafunzo huanza na maji, jambo ambalo mtu wa Nakuru angefaa kulijua kuliko wengine. Maji ya bonde hili yana tabia yake. Sehemu kubwa ya mji huoga maji ya visima virefu, vikiwamo vya Kabatini na Baharini, na maji hayo yamepita katika miamba ya volkano. Yana sodiamu na bikaboneti nyingi, kalisi kidogo, na mahali pengi floraidi kupita kiasi. Floraidi ndiyo iliyoyatia meno ya wengi wetu rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru kwa miaka mingi imetengeneza vichujio vya mifupa iliyochomwa ili kuipunguza katika maji ya kunywa. Lakini uchache huohuo wa kalisi, unaoiachia floraidi nafasi ya kubaki majini, ndio unaofanya sabuni yetu itoe povu upesi. Mwenyeji wa Lamu anayeteka kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe hana bahati hiyo. Kalisi ya matumbawe huinasa sabuni ikawa utando mweupe kabla povu halijasimama. Hapa kwetu sabuni kidogo inatosha. Aliye na tangi la maji ya mvua ana neema zaidi, maana hayo hayana kalisi wala floraidi ya kusumbua.

Joto la maji nalo lina maana. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Molo iko juu zaidi, karibu mita 2,500. Julai asubuhi ngozi husisimka kwa baridi, vinyweleo vikainuka, na wembe ukivipitia huvikata vichwa. Chemsha maji, yachanganye na ya baridi kwenye beseni mpaka mkono uyafurahie. Nawa uso kwa sabuni kwanza ili mafuta yatoke, kwa sababu unywele wenye mafuta haunywi maji vizuri. Kisha weka taulo lililolowa usoni na usubiri. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu. Ukikaa ndani ya maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu huvimba na kulainika, na nguvu ya kuukata hupungua sana. Waliosema mwenzako akinyolewa zako tia maji walikuwa wakionya juu ya mambo ya dunia, lakini mfano waliuchukua kwa kinyozi aliyeijua kazi yake: maji hutangulia wembe, tena hutangulia kwa muda.

Kuhusu sabuni nitasema machache, ingawa wapenzi wa kunyoa huizungumzia kuliko yote. Nakuru ni mji wa sabuni. Menengai Oil Refineries hutengeneza hapahapa sabuni ya kipande inayojulikana nchi nzima, na wanaume wengi hunyolea sabuni za namna hiyo. Sabuni ya kipande hufanya vyema kazi iliyokusudiwa, nayo ni nguo na vyombo. Povu lake lina mapovu makubwa yanayopasuka kabla hujamaliza shavu moja. Sabuni ya kunyolea huwa na asidi ya steariki nyingi, na huchemshwa kwa magadi makali ya potasiamu pamoja na yale ya sodiamu, ndiyo maana povu lake huwa zito na hudumu. Kipande kimoja ndani ya kikombe hukaa miezi. Lowesha brashi, ikung'ute, isugue juu ya sabuni, kisha ongeza maji tone kwa tone mpaka povu liwe kama mtindi mzito, linaloshika usoni bila kuchuruzika. Asiye na brashi atumie vidole, ila asugue kwa muda mrefu zaidi. Povu lenye hewa nyingi hupendeza machoni bila kuulinda uso na makali.

Kabla ya wembe kugusa chochote, jifunze ramani ya uso wako. Acha ndevu siku mbili au tatu, kisha pitisha ncha za vidole taratibu kila upande. Utagundua kwamba mashavuni huelekea chini, na shingoni hufanya zitakavyo: upande mmoja hupanda juu, mwingine hulala kuelekea sikio, na chini ya kikoromeo huzunguka. Mwanamume anayepitisha wembe kutoka chini kwenda juu shingo nzima, kwa kuwa baba yake alifanya hivyo, anakata nusu ya ndevu zake kinyume cha njia. Chora ramani hiyo kwenye karatasi ukitaka, mishale ikionyesha mwelekeo, na uibandike karibu na kioo. Hakuna anayeweza kukuchorea, na ya ndugu yako wa tumbo moja haitakufaa.

Sasa mkono. Kishikio cha chuma kinachofungwa wembe mmoja kina uzito wake, na uzito huo unatosha. Makali yalale karibu na ngozi, pembe ya digrii thelathini hivi, ukiyasimamisha yatakwaruza. Mpapaso uwe mfupi, sentimita mbili au tatu, kisha suuza. Usivute ngozi kwa mkono wa pili ukaikaza sana, maana ukiiachia, unywele uliokatwa hurudi ndani yake, na umefanya kwa mkono kazi ileile ya nyembe tano. Sikiliza pia. Wembe unaokata vizuri una sauti ndogo ya mchakarisho. Ukinyamaza ghafla, ama povu limekauka ama makali yamechoka. Pitia uso mara moja kwa kufuata ramani. Ukihitaji, paka povu tena na upitie kwa upande, kukingama na ndevu. Kisha acha. Unywele uliobaki mfupi sana, unaousikia kwa kidole na hauonekani kwa macho ya mtu aliye hatua mbili mbele yako, ni mafanikio. Hapa ndipo mafunzo mengi ya kigeni yanapotupoteza: yanasifu shavu laini kama lengo la mwisho, yakiwaandikia watu ambao ndevu zao haziwarudii.

Utaratibu wa kila siku unafaa kwa sababu uso hutoa majibu polepole. Kipele cha leo huenda kimetokana na mpapaso wa juzi. Mtu anayebadilisha wembe Jumatatu, sabuni Jumatano na pembe ya mkono Ijumaa hawezi kujua ni kipi kilichomponya wala kilichomdhuru. Shika kishikio kimoja, aina moja ya wembe, sabuni moja na maji yaleyale kwa mwezi mzima. Kama kuna jambo la kubadilisha, badilisha moja tu na ungoje wiki mbili. Kumbuka tu tarehe ulipofungua wembe mpya. Anayefanya hivi huanza kuhisi, bila kufikiri, mahali mkono unapokandamiza: kwa wengi ni pembe ya taya, na pale chini ya pua.

Na saa ya kunyoa? Nawashauri wengi wanyoe jioni, baada ya kuoga. Fundi wa gari anayeingia karakana, mchuma maua anayeingia nyumba za plastiki zenye joto kule Naivasha, dereva wa boda anayekula vumbi la Januari, wote hutoka nyumbani na ngozi iliyokwanguliwa sasa hivi, kisha jasho na kola huifanyia kazi mchana kutwa. Ukinyoa jioni ngozi hupumzika usiku mzima. Asubuhi bado uko nadhifu.

Ambaye tayari shingo yake imejaa vipele asianze na lolote kati ya hayo. Aweke wembe chini wiki tatu au nne mpaka uvimbe utulie na nywele zilizonaswa zijitoe. Asizing'oe kwa kibano, kwani unywele unaoota tena utapita ndani kwa ndani. Usaha ukienea au kovu likianza kunenepa, aende kwa daktari wa ngozi mapema, kabla doa halijawa keloidi. Na zipo ngozi ambazo hazitaki wembe hata kidogo. Kwa hizo mashine ya umeme inayoacha milimita moja ndiyo dawa. Majeshi ya Marekani yalitoa kwa miongo mingi vibali vya kitabibu vya kutonyoa kwa askari wenye tatizo hili. Waajiri wetu, hasa wa hoteli, ulinzi na benki, wangetenda haki wakifanya hivyo pia. Milimita moja ya ndevu haijamfukuza mteja yeyote, na kumlazimisha mtu ajijeruhi kila asubuhi ili aonekane safi ni dhuluma.

Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi, ukipangusa bila kusugua. Maji yetu huacha ngozi ikiteleza, na mtu akadhani sabuni haijatoka, akazidi kusugua uso ambao umetoka tu kuchunwa. Kisha chukua kipande cha shabu, kilowanishe, ukipitishe kote. Shabu hukaza ngozi na kuzuia damu ndogondogo, lakini faida yake kubwa ni kwamba husema ukweli: mahali ulipokandamiza huwasha, mahali mkono ulipokuwa mwepesi hunyamaza. Sikuzote nimeiamini kuliko kioo. Ngoja dakika moja, isuuze, upake mafuta mepesi. Kausha wembe. Uliokwisha usitupwe chooni wala kwenye takataka za jikoni ambako mtoto au mkusanya taka atauokota. Toboa mfuniko wa kopo la maziwa ya unga na uwe unaudumbukiza humo.

Desemba, shule zikiwa zimefungwa, wavulana wengi wa Nakuru, Molo na Subukia huingia jandoni, na wasimamizi wao hukaa nao siku kadhaa wakiwafundisha usafi, heshima na namna ya kubeba mwili wa mwanamume. Ningependa kunyoa kuingie katika mafunzo hayo, kwa kuwa hapo mvulana ana muda na ana mtu mzima anayemtazama. Msimamizi alete kishikio kipya kwa kila kijana, maana hiki hakigawanywi hata kati ya ndugu, na mwanzoni kisifungwe wembe. Kijana apake povu, akitelezeshe mashavuni na shingoni akifuata ramani yake, mara nyingi, mpaka mkandamizo utoke mkononi. Wembe ufungwe wiki ya pili.